Kwa nini methadoni haitolewi kwenye famasi ya mtaani?

Dada wa Chanika

Habari zenu ndugu zangu. Ninaandika kuhusu mdogo wangu wa kiume, ambaye alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka tisa na sasa yuko katika mwaka wa tatu wa kunywa methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga ili asiurudie, kwenye kliniki moja ya hapa Dar es Salaam. Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba sikuja kuilalamikia dawa, kwa sababu dawa hiyo ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Kabla yake tulikuwa tunafungia hata masufuria kabatini, na mama alikuwa hapati usingizi mpaka asikie mlio wa geti. Leo ni fundi wa madirisha ya alumini, analipa ada ya shule ya binti yake, na mabati ya jiko la mama ameyanunua yeye.

Kinachotutesa ni umbali. Tunaishi Chanika na kliniki iko mjini. Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, anaamka saa kumi alfajiri, anapanda magari mawili, anapanga foleni dirishani, anakunywa dozi mbele ya mhudumu, kisha anapanda magari mawili mengine kurudi. Kazini anafika saa nne au saa tano, wenzake wakiwa wameshapima na kukata. Mwajiri wa kwanza alimvumilia miezi mitatu, wa pili wiki mbili.

Mwaka jana tulifiwa Newala. Alikwenda kuzika akitegemea kurudi siku ya pili, lakini mvua iliharibu barabara na siku zikawa nne. Katika basi la kurudi tulikaa kiti kimoja. Alianza kwa kupiga miayo mfululizo kama mtu aliyekesha, kisha machozi na kamasi vikawa vinamtoka bila kulia, na vinyweleo vya mikono vikamsimama katika joto la Lindi, huku amevaa sweta langu na jasho linamdondoka kidevuni. Watu wa maskani, yaani vijiwe vya watumiaji wa unga, hali hiyo ya mwili kukosa dawa uliyoizoea wanaiita arosto. Hakuniomba kitu chochote isipokuwa nimshike mkono basi liliposimama Nangurukuru, kwa kuwa alijua kwamba akishuka peke yake huenda asipande tena. Tulipofika kliniki hawakumpa dozi yake ya kawaida. Walimshusha, wakampandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na siku zote hizo hakuwa na nguvu za kushika mashine ya kutobolea.

Mwezi huu amepoteza kazi nyingine, ya wiki sita za kufunga madirisha Dodoma, chakula na malazi vikiwa juu ya mwenye mradi. Aliomba kliniki wampe dozi za kubeba akajibiwa kwamba haiwezekani, basi kazi akaiacha.

Kati ya nyumba yetu na kituo cha daladala kuna famasi mbili na duka moja la dawa muhimu, na mojawapo ya famasi hizo haifungwi mpaka saa nne usiku. Binamu yetu aliyeko Uingereza anasema kwamba kule mtu anakwenda kwenye famasi ya mtaani kwake, anakunywa methadoni mbele ya mfamasia, anaelekea kazini. Mwenye ujuzi naomba anieleze: hapa kwetu ni sheria inayozuia, ni gharama, au ni kwamba watu hawa hawaaminiki? Na mtu aliyetulia kama mdogo wangu afanye nini?

Mfamasia wa zamu

Pole sana dada, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Mimi ni mfamasia wa hospitali na kwa miaka kadhaa nimesimama upande wa ndani wa dirisha unalolizungumzia. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali lako ni la haki na wagonjwa wengi hujibiwa kwa neno moja tu.

Nianze na sheria. Methadoni imo katika Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, pamoja na mofini na heroini yenyewe. Kila nchi mwanachama hupeleka kila mwaka makadirio ya kiasi itakachohitaji kwa bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na kinachoingizwa lazima kiandikwe, kifungiwe na kitolewe hesabu. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka methadoni, pamoja na dawa nyingine iitwayo buprenofini, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hiyo ni dawa muhimu na ni dawa inayolindwa kwa wakati mmoja, na mvutano huo ndio unaomfikia mdogo wako saa kumi alfajiri.

Huduma hii ilianza nchini mwezi Februari 2011 pale Muhimbili, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, kisha Zanzibar, na baadaye mikoa mingine. Ilizaliwa ndani ya hospitali, ikiwa na daktari wa magonjwa ya akili, wauguzi, ustawi wa jamii, vipimo vya VVU na vya kifua kikuu mahali pamoja. Kwa ninavyoona mimi, tatizo letu kubwa si kwamba famasi za binafsi zilipimwa zikaonekana hazifai. Mfumo ulijengwa bila wao, na ukakua hivyo hivyo.

Duka la dawa muhimu liondoe kabisa katika hesabu. Maduka hayo yalianzishwa Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa za msingi karibu nao, na wahudumu wake wamepata mafunzo mafupi kwa kazi hiyo. Si mahali pa kuweka dawa ya namna hii.

Sasa kuhusu dozi kushushwa. Naomba mdogo wako asiichukue kama adhabu. Heroini hukaa mwilini saa chache, ndiyo maana mtumiaji huitafuta mara tatu au nne kwa siku. Methadoni hutoka polepole sana, na dozi ya leo huikuta sehemu ya dozi ya jana bado iko ndani. Ndiyo sababu mgonjwa mpya huanzishwa kwa miligramu 20 hadi 30 tu, hata kama analia kwamba haimtoshi, kwa kuwa kiwango kile kile kinachoonekana chepesi Jumatatu kinaweza kumzimisha pumzi Alhamisi baada ya kujilimbikiza. Wengi huishia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Mtu akikosa siku tatu au zaidi, uwezo wa mwili kuistahimili huanza kupungua, na dozi aliyoizoea inaweza kumdhuru. Mtu asiyeizoea kabisa, hasa mtoto, anaweza kufa kwa kiasi kidogo mno. Miligramu 10 zimewahi kuua mtoto.

Kwa sababu hiyo, anayetoa dawa hii lazima ajue jambo moja kabla ya mengine yote: huyu mtu jana alikunywa au hakunywa? Famasi isiyo na mawasiliano na kliniki haiwezi kulijibu swali hilo.

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja dirishani akiwa amekasirika sana, akidai kwamba tunaichanganya dawa yake na maji. Kila siku alikuwa akifika mchana arosto imeshamshika. Muuguzi alipomuuliza taratibu, ikabainika kwamba wiki iliyotangulia alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu katika zahanati nyingine. Rifampisini hulifanya ini liichome methadoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kijana alikuwa anasema kweli: dozi yake ilikuwa imepungua, ingawa si kwa mkono wetu. Tulimpandishia, akatulia, na alipomaliza matibabu ya kifua kikuu ilibidi tumshushe tena kwa uangalifu ule ule. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo hufanya hivyo. Katika famasi ya mtaani, ambako mhudumu hana faili wala namba ya simu ya daktari, kijana yule angeonekana mkorofi, akafukuzwa, akarudi maskani.

Baada ya kusema yote hayo, msimamo wangu ni kwamba famasi ziruhusiwe, kwa kuanza na chache zilizochaguliwa, zenye mfamasia aliyesajiliwa muda wote wa kazi, kabati la chuma, daftari, na kliniki moja inayozisimamia. Wapewe wagonjwa waliokwisha kutulia, wanywe pale pale mbele ya mfamasia. Mdogo wako angekuwa wa kwanza katika orodha yangu.

Mwana wa Unguja, Leicester

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na sasa nafanya kazi katika famasi ya mtaani huku Leicester, Uingereza. Aliyosema binamu yenu ni kweli, ila hakuimaliza habari.

Mgonjwa huku haanzi na famasi. Anaanza na kliniki ya uraibu, ambako anapimwa, anaanzishwa dozi, na anaandikiwa karatasi ya buluu ambayo ni maalumu kwa dawa zinazotolewa kwa mafungu. Karatasi moja haizidi siku 14, na inaeleza kila kitu: miligramu ngapi, siku zipi anywe mbele yetu, siku zipi abebe. Miongozo ya kitaifa ya mwaka 1999 ndiyo iliyoeneza utaratibu wa kunywa mbele ya mfamasia, hasa kwa miezi ya mwanzo, na daktari huulegeza kadiri mgonjwa anavyotulia.

Kwa siku ya kawaida mambo huenda hivi. Asubuhi kabla ya kufungua mlango tunafungua kabati, tunapima dawa ya kila mtu, ambayo ni maji ya rangi ya kijani yenye miligramu moja katika kila mililita moja, na tunaifunga katika chupa ndogo yenye jina lake. Mgonjwa akifika namwita faragha, namwangalia macho na mwendo, namuuliza amelalaje. Akinukia pombe au akiwa anasinzia simpi, nampigia simu daktari wake. Akiwa sawa namimina kwenye kikombe cha plastiki, anakunywa, nampa maji, anakunywa na hayo, kisha tunazungumza sentensi mbili tatu. Mazungumzo hayo ni salamu, na pia ni njia ya kuhakikisha kwamba dawa imemezwa na haikubaki mdomoni. Asipofika siku tatu mfululizo, siku ya nne hapati mpaka nizungumze na kliniki, kwa sababu ile ile aliyoieleza ndugu mfamasia hapo juu.

Dozi za kubeba nyumbani huwekewa kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na tunamsisitizia mgonjwa awe na kisanduku cha kufuli. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wagonjwa wengi waliokuwa wakija kila siku walianza kupewa dawa ya wiki moja au mbili kwa mara moja.

Sitaki mdhani kwamba huku ni peponi. Si kila famasi inakubali kazi hii, kwa kuwa ni ya hiari na ina malipo yake maalumu kutoka serikali za mitaa. Kuna wafanyakazi wanaowasubirisha wagonjwa wa methadoni mpaka wateja wengine wote wahudumiwe, na nimewahi kumwona mama mtu mzima akiondoka na machozi kwa sababu aliitwa kwa sauti mbele ya jirani yake. Famasi yenye dharau humrudisha mtu kwenye unga kama inavyomrudisha nauli.

Dirisha la Pili

Shikamoo dada. Mimi ninakunywa methadoni tangu 2014, na kabla ya hapo nilidunga unga miaka kumi na moja, kwa hiyo naomba nizungumze kutoka upande wa nje wa dirisha.

Kuhusu dozi za kubeba, sitaficha. Wapo wenzetu ambao wakipewa chupa ya siku tatu, chupa ya siku mbili itauzwa. Si kwa ubaya wa moyo. Mtu ana njaa, ana deni, na anajua kwamba maskani kuna mwenye arosto atakayetoa pesa yoyote. Aliyenunua huenda hajawahi kunywa methadoni, anakunywa yote, haoni kitu kwa saa ya kwanza, anaongezea unga juu yake. Tumezika watu kwa namna hiyo. Kwa hiyo kliniki zinapokataa, huwa sikimbilii kuwalaumu.

Lakini kunywa kwenye famasi mbele ya mfamasia ni jambo tofauti kabisa na kubeba chupa, na naona watu wanayachanganya. Hilo la kwanza naliunga mkono kwa dhati. Ninachoomba ni kwamba yasije yakapotea yale mengine tunayoyapata dirishani. Mimi nilipimwa kifua kikuu kwa sababu muuguzi alinisikia nikikohoa kwenye foleni siku tatu. Nilikuwa sijapanga kwenda hospitali yoyote. Mfuko wa dawa za kifua kikuu niliupata pale pale, nikawa nakunywa vyote viwili kwa wakati mmoja kila asubuhi, na nikapona. Famasi itanipa kikombe, sawa, lakini nani atanisikia nikikohoa?

Jambo jingine ni aibu. Mjini hakuna anayenijua. Kwenye famasi ya mtaani kwangu atanikuta mwalimu wa mwanangu, na watu bado wanatuita mateja hata mtu awe ameacha miaka kumi. Wengine hawatajali, wengine watapendelea kuendelea kupanda magari mawili. Mtu apewe kuchagua.

Sasa kuhusu kazi ya Dodoma, dada yangu, nimesikitika sana, kwa sababu hapo hapakuwa na haja ya dozi za kubeba. Dodoma kuna kliniki ya methadoni, iko Itega. Mgonjwa anayesafiri anaweza kuomba uhamisho wa muda: kliniki yake inaandika barua yenye jina, picha, kiwango cha dozi na siku ya mwisho aliyokunywa, wanapigiana simu, naye kesho yake anakunywa kule. Mimi nimefanya hivyo nikienda Tanga kwa mke wangu, na nikienda Mbeya. Ombi lipelekwe mapema, angalau wiki moja kabla, na asiombe dirishani. Dirishani ni mahali pa kunywa, na aliyepo pale hana mamlaka. Amwone daktari au mtu wa ustawi wa jamii.

Mama wa Malindi

Nimesoma haya yote nikamkumbuka kijana wangu. Sisi ni watu wa Lamu. Kenya ilipoanza methadoni, mwishoni mwa 2014 kule hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata hapa Malindi, Lamu haikuwa na kliniki. Kutoka Lamu hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na wakati huo barabara ile ilikuwa haipitiki bila msafara wa askari. Dawa inanywewa kila siku. Piga hesabu mwenyewe.

Tulichofanya ni kumpangishia chumba Malindi. Alikuja na mkeka, jiko la makaa na nguo mbili. Dawa ilimkubali vizuri, lakini hakuwa na mtu, hakuwa na chombo cha kuvulia, na yeye ni mvuvi. Asubuhi akishakunywa, siku yote ilimbakia bila kazi, na walio karibu naye walikuwa ni wale wale waliotoka kwenye unga. Mara mbili aliacha dawa akarudi Lamu, si kwa kutaka unga, ni kwa kumtaka mamake na bahari. Na kila aliporudi kule, unga ulimpokea gatini. Mwishowe ilibidi nihame mimi nije nikae naye, ndiyo maana jina langu hapa ni la Malindi.

Pale Lamu tulikuwa na kemisti mbili ninazozijua, mmoja wa wenyewe ni mtu wa makamo mwenye elimu yake na hofu ya Mungu. Lau angekabidhiwa kazi hiyo, kwa masharti yoyote wanayoyataka wakubwa, kijana wangu angekunywa asubuhi na saa mbili yuko majini. Dada wa Chanika, mshike mdogo wako, na usichoke kuuliza.

Dada wa Chanika

Ninawashukuru wote, na mama, maneno yako nimemsomea mdogo wangu, akanyamaza muda mrefu.

Habari ya uhamisho wa muda hatukuwahi kuisikia. Miaka mitatu hatukuambiwa, na sisi hatukujua kwamba ni jambo la kuuliza. Nina swali moja zaidi kwa mfamasia wa zamu. Umeitaja buprenofini. Je, hiyo ndiyo ile ya vidonge? Kama mtu hawezi kufa nayo kirahisi, kwa nini isiuzwe famasi kwa cheti cha daktari?

Mfamasia wa zamu

Ndiyo, ni kidonge au utando mwembamba unaowekwa chini ya ulimi mpaka uyeyuke. Kikimezwa hakifanyi kazi ipasavyo. Tofauti yake na methadoni ni kwamba nguvu yake ina kikomo. Ukiongeza dozi, inafika mahali ambapo uzito wake juu ya pumzi hauongezeki tena, ndiyo maana ni salama zaidi, ingawa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi bado inaua. Mara nyingi huunganishwa na naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini na jamii yake, ili anayejaribu kuisaga na kuidunga apate arosto badala ya starehe. Kimataifa iko chini ya mkataba mwingine, wa mwaka 1971, wenye masharti mepesi zaidi, na siku hizi kuna hata sindano yake inayodumu mwezi mzima.

Nchi iliyokwenda mbali zaidi kwa njia ya famasi ni Ufaransa. Tangu 1996 daktari wa kawaida kule anaweza kuandika buprenofini, na famasi ya mtaani inaitoa. Vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa asilimia 79 kati ya 1995 na 1999. Hawakukwepa matatizo, kwani wapo waliovidunga vidonge hivyo na wapo waliovuka kutoka daktari mmoja hadi mwingine wakikusanya, lakini watu wengi walibaki hai.

Marekani walichelewa. Walihitaji madaktari wao wawe na kibali maalumu cha kuandika buprenofini, na kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa Desemba 2022 tu. Methadoni ya uraibu, mpaka leo, haitolewi kwenye famasi zao za kawaida. Mgonjwa wao naye anaamka alfajiri kwenda kliniki. Nalitaja hili ili usije ukafikiri kwamba ni umaskini wetu peke yake unaotufikisha hapa. Famasi ile ile ya Marekani inaweza kumpa methadoni mtu mwenye maumivu ya mgongo, na isimpe mtu mwenye uraibu. Hapo hakuna hoja ya kitabibu ninayoweza kukutetea.

Kwetu huduma imejengwa juu ya methadoni. Mgonjwa aliyetulia kwenye methadoni hahamishwi hovyo, kwa sababu buprenofini ikiwahi kuingia kabla methadoni haijatoka, inaiondoa kwenye ubongo kwa nguvu na kumtia arosto kali ndani ya saa moja. Mdogo wako asijaribu kununua chochote cha namna hiyo mtaani. Abaki na alichonacho, na mpiganie kuhusu umbali.

Mkienda kliniki, nendeni na barua ya mwajiri inayoonyesha mahali, tarehe na saa za kazi. Ombeni mambo mawili kwa maandishi: kwanza, utaratibu wa uhamisho wa muda kila anapopata kazi ya mkoani, pili, kama kuna kituo kinachotoa dawa hiyo karibu zaidi na Chanika, ahamishiwe huko moja kwa moja. Na muulize wazi vigezo vyao vya dozi ya kubeba ni vipi, kwa sababu mtu hawezi kutimiza sharti asilolijua. Ombi lenye maandishi huingia kwenye faili, na daktari hulikuta siku ya kikao.

Dada wa Chanika

Nimerudi kuwaeleza tulikofikia. Jumatano tulikwenda wote wawili, yeye na mimi, na barua mbili. Mtu wa ustawi wa jamii alitupokea vizuri, akazisoma zote, akaziweka kwenye faili, na akamuuliza mdogo wangu ni lini mara ya mwisho alikosa dozi. Akajibu, "Newala." Hakuna nyingine.

Kazi ya Dodoma ilikuwa imeshakwenda kwa mtu mwingine, lakini mwenye mradi amesema kuna ghorofa ya pili inayoanza baada ya wiki tatu, na kliniki imekubali kuwasiliana na Itega. Kuhusu kituo cha karibu, tumeambiwa tusubiri jibu la daktari.

Tulipokuwa tunarudi tulishuka kituoni tukapita kwenye ile famasi inayofungwa saa nne usiku. Nilimwuliza mfamasia, bila kumtaja mtu, kama angekubali kutoa methadoni iwapo serikali ingemruhusu. Alifikiri kidogo, akatazama mlangoni, akaniuliza watu wenyewe ni wangapi huku kwetu, na kama kuna atakayemfundisha. Nimemwambia nitamletea majibu ya hilo la pili. Ndugu mfamasia wa zamu, kama unajua ni nani anayepaswa kuulizwa, naomba uniandikie hapa.

Mfamasia wa zamu

Anza na mfamasia wa wilaya, ofisi yake iko kwa mganga mkuu wa halmashauri. Mwandikie barua, eleza umbali kutoka Chanika na saa anazotumia mgonjwa njiani, na umtaje huyo mfamasia aliye tayari, ila kwa idhini yake. Nakala moja peleka kliniki. Mimi nitaandika yangu kutoka upande huu wa dirisha wiki hii hii.